Kulifuata Pipa: Siku Nane kutoka Jerez hadi Islay

Siku ya kwanza: Jerez

Safari hii ilizaliwa na ubishi. Nina chupa ya wiski niliyoitunza miaka kumi na moja bila kuifungua. Lebo yake inasema imekomaa ndani ya pipa la sheri, na rangi yake ni ya chai ya rangi iliyochemka hadi kukolea. Mimi siku zote nimeshikilia kwamba utamu wa wiski za namna hii ni wa mvinyo uliotangulia kukaa ndani ya pipa: ubao uliunywa, kisha ukautema kwenye wiski. Shemeji yangu, ambaye ni mtu wa biri kuliko wa chupa, anasema mvinyo unasingiziwa tu, kazi yote imefanywa na mti. Tumebishana hilo harusini, msibani, na mara moja kwenye foleni ya benki hadi mlinzi akatutazama vibaya. Mwisho tukawekeana dau. Twende linakotoka pipa, tulifuate hadi linakofikia, na atakayeshindwa ampe mwenzake chupa moja kutoka kabatini mwake, mshindi akichagua mwenyewe.

Nilikubali upesi mno. Ndani ya ndege ndipo nikaanza kuzihesabu chupa zangu kichwani, moja moja, kama mzazi anayehesabu watoto wake kwenye umati.

Jerez iko kusini mwa Hispania, katika ardhi ya chokaa nyeupe wanayoiita albariza, ambayo hunywa mvua ya masika na kuitunza kwa ajili ya mizabibu wakati wa kiangazi. Waarabu walipoutawala mji huu waliuita Sherish. Waingereza waliokuja kununua mvinyo wake wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao, ndiyo sheri. Shemeji akaanza kuwacheka, nikamkumbusha kwamba sisi nasi "mvinyo" na "pipa" tumevipata kwa Wareno, labda bandari ileile na mzigo uleule.

Mchana tuliingia kwenye bodega moja, ghala la kukomazia sheri. Dari liko juu kama la msikiti mkubwa, madirisha madogo yamefunikwa mikeka, sakafu ni mchanga wa manjano unaomwagiwa maji ili hewa isikauke. Mapipa yamepakwa rangi nyeusi na kupangwa safu juu ya safu. Kila moja linabeba lita 600 lakini hutiwa kama 500 tu, maana juu ya mvinyo wa fino, sheri nyepesi, lazima pabaki nafasi ya flor, utando wa hamira unaoelea kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Kuna pipa moja walilolikata mbele na kuliwekea kioo ili wageni wauone. Utando huo huukinga mvinyo usiguswe na hewa, na humo humo unaula. Fino huongezwa kilevi hadi asilimia 15, kiwango ambacho utando unakivumilia. Ukipandisha hadi 17 utando hufa, hewa inaingia, mvinyo unakuwa wa kahawia na harufu ya njugu. Huo ndio oloroso, wenye kesi yetu.

Safu ya chini kabisa ndiyo solera, na humo ndimo mvinyo wa kuuza huchotwa, sehemu tu. Pengo hujazwa kutoka safu ya pili, la pili kutoka ya tatu, na mvinyo mchanga huingia juu. Kwa hiyo hakuna anayeweza kukuambia umri wa glasi aliyokupa. Ni ukoo mzima ndani ya glasi moja.

Nikauliza swali langu nikijiamini: mapipa haya yakichoka, mnayauza Uskoti?

Dada aliyetutembeza alicheka. Pipa la solera haliuzwi, akasema, wala halichoki. Limekaa na mvinyo miaka mingi hadi ubao umemaliza ladha yake, na ndivyo wanavyolitaka, kwa sababu hawataki mvinyo wao uonje mti. Likivuja linashonwa upya na kurudi kazini. "Mapipa ya wiski ni habari nyingine. Nendeni kwa fundi mapipa."

Shemeji alinitazama. Mimi nikawa natazama dari.

Siku ya pili: karakana

Karakana ya mapipa utaisikia kabla hujaiona. Nyundo zinapokezana, na kati ya nyundo na nyundo kuna harufu ya mkate unaoungua kidogo.

Uani mbao za mwaloni zimepangwa kama maghorofa, zikipigwa jua na mvua. Zitakaa hapo mwaka, miwili, pengine zaidi, mvua izioshe ukakasi. Ndani, fundi anazisimamisha mbao ndani ya pete ya chuma, juu zimebanana na chini zimeachana kama kanga iliyopigwa na upepo. Katikati anawasha moto wa vipande vya mwaloni uleule, anazilowanisha mbao, anazikaza kidogo kidogo hadi zinakubali kupinda. Hakuna gundi wala msumari. Penye mshono wa kifuniko huingizwa jani kavu la mmea wa majini jamii ya matete, nalo likilowa huvimba na kuziba.

Nilisimama hapo saa nzima. Nimekusanya chupa karibu miaka ishirini, nimesoma lebo hadi maandishi ya chini kabisa, na sikuwahi hata siku moja kumfikiria mtu anayeshika nyundo.

Kisha tukaelezwa. Karakana ina miti ya aina mbili. Mwaloni mweupe wa Marekani una nyuzi zilizobanana, na moto unautoa vanila na harufu kama ya tui la nazi. Mwaloni wa Ulaya, mwingi wake ukitoka kaskazini mwa Hispania, una vitundu vikubwa na ukakasi zaidi, na harufu yake inaelekea kwenye karafuu na zabibu kavu. Pipa likikamilika hujazwa sheri, mara nyingi oloroso, na kuachwa mwaka mmoja au miwili. Baada ya hapo humwagwa, hupelekwa Uskoti na kujazwa wiski.

"Na huo mvinyo uliomwagwa nani anaunywa?"

Hanywi mtu kama sheri. Hutiwa kwenye pipa jingine jipya, na jingine, na hatima yake ni siki, au hukenekwa, yaani huchemshwa na mvuke wake kukusanywa, kuwa brandi.

Ilinichukua muda kulimeza hilo. Nilikuwa nimejijengea picha ya pipa la babu, lililolala karne nzima na mvinyo mtukufu kisha likastaafu na kwenda kaskazini kulea wiski. Kumbe siku hizi pipa ndilo bidhaa, na mvinyo ndio unaotengenezwa ili kulihudumia pipa. Zamani mambo yalikuwa tofauti. Sheri ilisafirishwa Uingereza ndani ya mapipa, ikauzwa huko, na mapipa matupu yakabaki bandarini yakinuka vizuri. Watengenezaji wa wiski, watu wasiopenda kupoteza, wakayachukua. Miaka ya 1980 Hispania ikataka sheri yake ifungwe kwenye chupa nyumbani, mapipa ya kusafirishia yakaisha, ndipo likaanza hili la kuagiza mapipa yaliyozoeshwa mvinyo kwa makusudi. Kwa hiyo maneno "pipa la sheri" kwenye chupa ya mwaka 1965 na kwenye yangu hayasemi jambo moja.

Jioni, barazani kwa mkahawa, shemeji alifungua kisanduku chake. Biri, kwa asiyezijua, ni zile sigara nene zinazoviringwa kwa majani matupu ya tumbaku, na za kwake husafiri kwa heshima kuliko mimi: kisanduku kina utando wa mbao za mwerezi na pakiti inayoshikilia unyevu kwenye asilimia 69. Alikuja na tatu. Alikata kichwa cha moja kwa wembe, milimita mbili tu, akaubabua mwisho wake kwa mbali bila moto kugusa jani, akiizungusha hadi ukingo wote ukawaka sawasawa. Avute mara moja kwa dakika, moshi ukae mdomoni tu. Ukiiharakisha inapata joto na kuwa chungu. Nilimpa oloroso, akanywa funda, akavuta, akafumba macho.

"Shemeji," akasema, "hata tukirudi kesho mimi safari yangu imetimia."

Ni mtu mgumu kumchukia.

Siku ya tatu: Sanlúcar

Basi hadi Sanlúcar de Barrameda, mahali mto Guadalquivir unapoingia baharini. Hapa ndipo baharia Magellan alipotweka tanga tarehe 20 Septemba 1519 na meli tano, na ni moja tu iliyoizunguka dunia ikarudi, yeye mwenyewe akiwa ameshakufa. Leo kuna upepo wa chumvi na mvinyo wa manzanilla, ambao ni ndugu wa fino ila umelelewa pwani. Unyevu wa bahari huufanya utando wa hamira unawiri mwaka mzima, ndiyo maana manzanilla ni nyepesi na mwisho wake unakuachia kitu kama maji ya bahari yaliyokauka mdomoni.

Mwenye duka alinikatalia nilipomwuliza ipi kati ya manzanilla zake inafaa kuwekwa akiba. Hakuna, akasema. Ukiitoa chini ya utando wake inaanza kuzeeka, inywe mwaka huuhuu, na ukishaifungua iweke baridini na uimalize wiki hiyo. Nilinunua moja. Nilijikuta natafuta tarehe ya kufungwa kwenye chupa kama anunuaye mtindi.

Maneno yake yakanirudisha kwenye aibu yangu ya zamani, na shemeji naye akaikumbuka palepale kwa sababu alikuwepo. Mwanzoni mwa uchu huu nilisoma kwamba chupa ya mvinyo hulazwa ili kizibo kisikauke. Ni kweli kabisa kwa mvinyo. Mimi nikalaza kila kitu, wiski pamoja. Kilevi cha asilimia 40 na zaidi hakibembelezi kizibo, kinakila. Siku niliyokwenda kufungua mojawapo, kizibo kilivunjika vipandevipande kama keki kavu, na wiski iliyokuwa imevuja miezi ilikuwa imeilowanisha lebo hadi haisomeki. Tukaichuja kwa karatasi ya kahawa, tukaitia kwenye chupa tupu ya siki iliyooshwa. Iko nyuma kabisa ya kabati, haina jina. Chupa za wiski tangu siku hiyo zinasimama wima kama askari.

Siku ya nne: angani

Siku ya viwanja vya ndege, na yote mabaya nilijitakia. Ile manzanilla niliiweka kwenye mkoba wa mkononi, nikasahau kwamba kimiminika kisizidi mililita 100. Mlinzi aliinyanyua, akaisoma lebo, akanitazama kwa huruma ya kweli, akaiweka kwenye pipa la taka. Pipa la tatu la safari hii, shemeji akasema. Yeye naye hakuvuka salama: biri moja alikuwa ameitoa kisanduku akaiweka mfuko wa shati ili ainuse njiani, na hewa kavu ya ndege ikaipasua jani la nje kuanzia kichwani hadi katikati. Imebaki moja.

Njiani tuliongea juu ya lebo. Nilimsimulia habari ya mwaka 2017 ya hoteli huko Uswisi, ambako mgeni alilipia funda moja la wiski iliyoandikwa mwaka 1878. Baadaye mwenye hoteli alitaka ukweli, wakaipima kwa kaboni: karibu hakika ilitengenezwa kati ya 1970 na 1972, na haikuwa hata wiski ya kimea kitupu, yaani ya shayiri iliyooteshwa peke yake, ilikuwa mchanganyiko. Hoteli ilimrudishia mgeni fedha zake. Shemeji aliuliza swali ambalo sikulipenda: "Na alipoinywa, ilimpendeza?"

Sijui. Nadhani ilimpendeza sana.

Siku ya tano: barabara na bahari

Kutoka Glasgow, Uskoti, basi huchukua zaidi ya saa tatu hadi gati la Kennacraig. Barabara inapita kando ya ziwa Lomond, inapanda mlima hadi kwenye njia waliyoiita "pumzika ushukuru", inashuka hadi Inveraray. Mvua ilikuja na kuondoka mara saba, nilihesabu. Feri nayo ni saa mbili na dakika ishirini hivi hadi Port Ellen, bandari ya kisiwa cha Islay.

Karibu na mwisho, watu wote walitoka upande mmoja wa sitaha. Pwani ya kusini ya Islay inajitambulisha yenyewe: majengo meupe ya viwanda vya wiski kando ya maji na majina meusi ukutani, herufi kubwa kama za kumsomea mzee asiye na miwani. Ardbeg, Lagavulin, Laphroaig. Nimeyasoma majina hayo kwenye karatasi kwa miaka mingi. Kuyasoma kutoka baharini kulinifanya ninyamaze.

Port Ellen yenyewe ina kisa chake. Kiwanda chake kilifungwa mwaka 1983, wakati ulimwengu ulikuwa na wiski nyingi kuliko wanywaji. Mapipa yaliyosalia yakawa hadithi, kila chupa iliyotoka ikawindwa minadani na watu kama mimi. Machi 2024 mitambo ikawashwa tena. Kabla ya kufungwa, wiski yake nyingi ilikuwa inaishia kuchanganywa na nyingine bila kutajwa jina.

Siku ya sita: njia ya viwanda vitatu

Kuna njia ya miguu kutoka Port Ellen inayovipita viwanda vyote vitatu, kilomita tano na ushee, pembeni mwa barabara, kondoo upande huu na bahari upande ule. Tuliianza asubuhi, upepo ukitusukuma mgongoni kama mwenye haraka kuliko sisi.

Laphroaig, ya mwaka 1815, bado huotesha sehemu ya kimea chake kwenye sakafu. Neno "kimea" tunalo la kale na maana ni ileile: nafaka iliyolowekwa ikaota, wanga wake ukaanza kugeuka sukari, kisha ikakaushwa kabla chipukizi halijaila sukari yote. Hapa ni shayiri, imetandazwa sakafuni, na inageuzwa usiku na mchana isishikane wala kupata joto. Kazi hiyo ikifanywa kwa koleo la mbao miaka mingi huliharibu bega, na wazee wa kazi hata walikuwa na jina la ugonjwa huo, "bega la nyani".

Kinachofuata ndicho kinachokifanya kisiwa hiki kiwe kisiwa hiki. Kimea hukaushwa juu ya moshi wa mboji: udongo mweusi wa mimea iliyolala kwenye maji maelfu ya miaka bila kuoza yote, ukiongezeka kwa takriban milimita moja kwa mwaka. Hukatwa kama matofali, hukaushwa kwa upepo, huchomwa. Nilishika tofali moja. Ni jepesi kama mkate mkavu, na mkononi mwangu palikuwa na kama miaka mia mbili. Lichomwapo linatoa moshi wa buluu, mzito, na harufu yake niliitambua kabla ya kupata jina lake. Si ubani. Ni kile chumba cha sindano cha zahanati ya utotoni, aidini na pamba, halafu ndani yake mwani uliotupwa ufukweni, halafu majivu. Wamarekani walipopiga marufuku pombe, 1920 hadi 1933, Laphroaig iliendelea kuingia kwao kama dawa, na ukiinusa huwezi kumlaumu ofisa aliyeidhinisha.

Kiwanda hiki kiliwahi pia kuwa mikononi mwa mwanamke, Bessie Williamson, aliyekuja kama karani wa muda miaka ya 1930. Mwenye kiwanda alipofariki mwaka 1954 alimwachia yeye. Nilisimama kidogo kwenye jina lake. Katika mikutano yetu ya kuonja bado wapo watu wanaomwuliza mke wangu kama angependa "kitu chepesi", naye ndiye mwenye pua kali kuliko sisi wote.

Lagavulin tulipita kwa haraka, kulikuwa na watalii wengi, lakini nitataja mitambo yake ya shaba, minene chini kama peasi. Shaba si pambo. Mvuke wa kilevi ukiigusa huacha hapo harufu za salfa, ndiyo maana umbo la mtambo ni ladha: mrefu na mwembamba hutoa wiski nyepesi, mfupi na mnene hutoa nzito. Mkeneko ni mara mbili, na mara ya pili mkenekaji huukata mtiririko: kichwa kikali pembeni, mkia mchafu pembeni, moyo tu ndio uendao pipani. Unatoka ukiwa mweupe kama maji.

Mweupe kama maji, shemeji alirudia, akinigonga kiwiko. "Rangi utaipata wapi?"

Nje ya Ardbeg, kwenye jiwe linalotazama bahari, alijaribu biri yake ya mwisho. Viberiti vinane. Upepo wa pale unazima hata nia. Aliirudisha kisanduku bila neno, kama mtu anayekunja mkeka wa sala.

Siku ya saba: ghalani

Asubuhi Bowmore. Kiwanda ni cha mwaka 1779, na joto lake la ziada hupasha bwawa la kuogelea la mji, ndani ya lililokuwa ghala. Tuliona watoto wakiogelea kwa fadhila ya wiski wasiyoruhusiwa kuinywa. Juu ya kilima kuna kanisa la mwaka 1767 lililojengwa duara, na wenyeji husema ni ili shetani asipate kona ya kujificha.

Mchana ndio ulikuwa mahakama yetu. Kiwanda sitakitaja, ubishi ni wetu si wao. Ghala lina kuta nene za mawe, sakafu ya udongo, giza, na baridi yenye harufu ya tofaa lililoiva kupita kiasi. Onyo la kutowasha chochote liko mlangoni, maana hewa yenyewe ina kilevi: karibu asilimia 2 ya pipa hupotea kila mwaka, na wanaliita fungu la malaika. Nilikumbuka kule Jerez. Kwenye hewa kavu maji ndiyo hutangulia kutoka na oloroso huzidi ukali. Kwenye unyevu huu kilevi hutangulia na wiski hupoa polepole. Malaika wa kusini wanakunywa maji, wa kaskazini wanalewa.

Mzee wa ghala alisikia kisa cha dau letu, akakipenda mno. Akaingiza bomba la shaba kwenye mapipa matatu, akatumiminia glasi tatu kila mmoja bila kusema ipi ni ipi. Wiski ileile, mwaka uleule, miaka kumi na miwili ghalani humohumo. Moja ilikuwa ndani ya pipa la mwaloni wa Marekani lililotoka kwenye bourbon, wiski ya Marekani, ambayo kisheria hukaa kwenye pipa jipya lililochomwa, ndiyo maana mapipa yaliyotumika mara moja ni mengi. Ya pili kwenye mwaloni wa Marekani uliozoeshwa oloroso. Ya tatu kwenye mwaloni wa Ulaya uliozoeshwa oloroso. Glasi zenyewe, ajabu, zilikuwa zile ndogo za tumbo na mguu walizotunywesha Jerez. Waonjaji wa wiski waliziazima huko zamani.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Kama mvinyo ndio bwana, glasi mbili za oloroso zitafanana na ya bourbon itakuwa mgeni. Kama mti ndio bwana, glasi mbili za Marekani zitafanana.

Nilinusa mdomo wazi, pua juu ya ukingo, si ndani, maana kilevi huipiga ganzi. Ya kwanza: vanila, maganda ya limau, moshi ukiwa wazi mbele. Ya pili: vanila tena, tui la nazi, moshi uleule, ila chini yake kuna kitu cha mviringo, kama tende iliyotiwa ndani ya maziwa. Ya tatu ilikuwa nyumba nyingine. Karafuu, kungumanga, zabibu kavu, ukakasi uliokausha kando za ulimi, moshi umerudi nyuma kama mtu aliyekaa chumba cha pili. Nikatia matone matatu ya maji, nikanusa upya, nikingoja ya pili iitembelee ya tatu. Haikwenda.

Nilimwangalia shemeji. Alikuwa hajanywa bado, ananiangalia mimi.

"Ya kwanza na ya pili," nikasema. "Ni ndugu."

Mzee akathibitisha. Sikukubali yote, na hata sasa sikubali: ile tende ndani ya maziwa haikutoka kwenye mti, mvinyo uliiacha. Nilimwambia shemeji robo ni yangu. Akasema nichukue, dau halikatwi robo.

Kisha mzee, kwa wema tu, akanimalizia. Nilimwambia juu ya chupa yangu na rangi yake ya chai. Akauliza kama lebo inasema rangi ni ya asili. Haisemi. Akaeleza kwamba sheria ya wiski ya Uskoti inadai pipa la mwaloni lisilozidi lita 700, miaka mitatu isiyopungua, kilevi asilimia 40 isiyopungua, na hairuhusu kuongeza kitu ila maji na rangi ya karameli. Rangi ya karameli! Nilijua, nilishasoma mahali, ila kuna kujua na kuna kuambiwa na mtu aliyeshika bomba la shaba. Miaka kumi na moja nimekuwa nikiinyanyua ile chupa dirishani jua likizama.

Siku ya nane: gati

Feri ilicheleweshwa na upepo. Muda wa saa nne tunakaa gatini Port Ellen na mabegi. Nilingoja shemeji ataje chupa, hakutaja, na kutotaja kwake kulikuwa adhabu ya pekee. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa ile ya chai ya rangi. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa Port Ellen yangu, pekee niliyonayo, ingawa hapo ningeomba rufaa.

Mchana upepo ukageuka. Nyuma ya ukuta wa ghala la samaki palikuwa na pembe tulivu, upana wa watu wawili. Shemeji alitoa kisanduku. Biri ilikuwa imenyonya unyevu wa kisiwa, imekuwa laini mno, akahofia itawaka upande mmoja. Ikawaka upande mmoja. Akaitengeneza kwa kiberiti, akalowesha kidole kupunguza kasi ya ule upande uliokuwa ukikimbia, na ikanyooka. Jivu lilikaa refu, la kijivu, bila kuanguka. Alivuta robo saa bila neno.

"Nimeshachagua," akasema.

"Sema."

"Nataka ile uliyoitia kwenye chupa ya siki."

Nikacheka, nikadhani ananitania, halafu nikaona hatanii. Nikamwambia haina jina, haina mwaka, hata mimi sikumbuki ilikuwa ya kiwanda gani, hawezi kuiuza wala kumwonyesha mtu. Alitikisa kichwa kwa kila moja kama anayehesabu. Akaniuliza tu ina ladha gani.

Feri ilikuwa imeshaanza kugeuka bandarini. Nilifungua mdomo kumjibu, nikafunga. Siku ile tulichuja, tukasikitika, tukafuta meza, nikaiweka nyuma ya kabati. Sikuwahi kuionja.